Nkatha na Mume Aliyegeuka Mtazamaji

Nkatha hakuwahi kuichukia yoga. Watu wa kanisani walipokuja kumpa pole kwamba mumewe ametekwa na mapepo ya Kihindi, aliwaambia wasilete upuuzi huo nyumbani kwake. Yoga ndiyo iliyomwinua Kiplagat kutoka sakafuni.

Kiplagat alikuwa akipanga mizigo katika ghala moja huko Lanham, Marekani. Siku moja aliinama kuinua kasha, mgongo ukalia, asiweze kunyooka tena. Kwa miezi minne alilala juu ya zulia la nyumba yao ya kupanga pale Hyattsville, maana kitanda kilimuumiza. Nkatha alikuwa akihudumia wazee katika makao yao. Akitoka kuwageuza hao, anarudi kumgeuza mumewe. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyemwelekeza Kiplagat kwenye darasa la yoga Riverdale Park. Baada ya wiki kumi alifunga kamba za viatu mwenyewe, na Nkatha akalia kwa furaha.

Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, mwalimu wao aliyeitwa Ethan alibaki na wachache kuwaeleza falsafa yenyewe. Aliwaambia kwamba kunyoosha mwili ni sehemu ndogo tu. Wahenga wa Kihindi waliuliza: anayeteseka ni nani? Wakajibu kwamba kuna mambo mawili. Kuna maumbile, yaani kila kinachobadilika: mwili, hasira, kumbukumbu, hata akili. Halafu kuna purusha, mtazamaji aliye ndani, anayeona tu, asiyetenda wala kuumia. Mateso huja pale mtazamaji anapojidhania kuwa kile anachokiona, kama mtu anayetazama sura yake kwenye maji yanayotikisika akaamini kwamba ni yeye anayetikisika.

Kiplagat aliyameza maneno hayo yote. Mwanzoni nyumba ilipoa; aliacha kugombana na televisheni. Kisha ikapoa kupita kiasi. Siku binti yao Audrey, mwenye miaka kumi na minne, aliposimamishwa shule kwa kupigana, Kiplagat aliisoma barua, akaikunja.

"Nimeona hasira ikija," alisema. "Nimeitazama, imepita."

"Na mtoto je, Baba Audrey? Umemtazama?"

Audrey akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kwa baba yeye ni hali ya hewa tu, ya kutazamwa mpaka ipite.

Mwezi wa Machi mama yake Nkatha akafariki huko nyumbani, Nkubu. Makaratasi ya Nkatha ya ukaazi yalikuwa bado; angetoka Marekani, asingerudi. Akamzika mama yake kupitia simu, picha ikikwama kila mara, akisikia udongo bila kuuona. Sebule ilijaa wanawake wa kanisani, chai, na Mchungaji Tobias akiomba kwa sauti. Kiplagat alikuwa chumbani, amekunja miguu, amefumba macho.

Wageni walipoondoka, Nkatha alimfuata. Alitaka mkono tu begani.

"Mama Audrey," Kiplagat alisema kwa upole, na upole huo ndio Nkatha hajausamehe mpaka leo, "anayelia ni akili yako. Wewe mwenyewe hulii."

Nkatha akaenda kuosha vikombe.

Katika makao ya wazee, Nkatha alimhudumia bibi mmoja kutoka Mysore, Bi Vasantha, aliyewahi kufundisha Kisanskriti chuoni. Miguu yake ilikuwa imekufa lakini ulimi ulikuwa hai. Asubuhi moja, Nkatha akimchana nywele, maneno ya mumewe yalimponyoka. Bi Vasantha aliushika mkono wenye chanuo.

"Alisema hivyo kwako? Umefiwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mumeo amepanda ngazi kuanzia juu. Njia hii ina vidato vinane. Cha kwanza ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia, kutojilimbikizia. Mikao ya mwili ni cha tatu. Utulivu anaouringia ni cha nane. Asiyeweza cha kwanza atafikaje cha nane?"

"Anasema mtazamaji haguswi na chochote."

"Haguswi, ndiyo. Lakini mumeo bado ni mtu mwenye mke! Wahenga walisema wazi: kwa mwenye furaha, uwe rafiki; kwa mwenye huzuni, uwe na huruma; kwa mwema, ufurahi. Kutojali kumewekwa kwa ajili ya uovu peke yake. Je, wewe ni uovu?"

Nkatha aliandika hayo nyuma ya karatasi ya zamu, akaenda nayo nyumbani. Alimsomea Kiplagat neno kwa neno, wamesimama jikoni. Kiplagat alisikiliza mpaka mwisho.

"Umekariri maneno," alisema. "Mimi nimeonja."

Baada ya mwezi mmoja aliondoka. Alienda kwenye kituo cha kutafakari katika milima ya Virginia, kupika na kufagia. Alimuaga Audrey kwa kumwekea kiganja kichwani. Mchungaji Tobias aliwaita waumini kufunga na kuomba dhidi ya roho ya yoga. Nkatha alipokataa kusimama mbele atoe ushuhuda, walimwondoa kwenye kwaya, taratibu, bila kumwambia.

Basi akabaki na Bi Vasantha. Kila alipomaliza kumlisha, alimsomea kurasa za vitabu vya wahenga, naye bibi akamfafanulia. Mwaka mzima ukapita hivyo. Nkatha alianza kuelewa mambo ambayo mumewe hakuwahi kuyataja: kwamba ujinga ni mzizi, kwamba kung'ang'ania na kuchukia ni matawi yake. Siku moja aliuliza kama mtu akishayajua hayo hupona.

Bi Vasantha alicheka bila furaha. "Nimeyafundisha miaka arobaini. Dada yangu yuko Bengaluru. Hatujasemezana tangu mama yetu alipokufa." Akageukia dirisha. Alifariki mwezi wa Oktoba, na dada hakupiga simu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Nkatha alimkuta Kiplagat kwenye maegesho ya duka Riverdale Park. Alikuwa amenenepa. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamemrudia, akasema, kituo hakikuweza kumhifadhi; sasa anaendesha gari la kusambaza vifurushi.

"Na ile njia?" Nkatha aliuliza.

"Aa, nimeiacha." Alitabasamu kama mtu anayezungumzia timu ya mpira aliyoacha kuishabikia. "Maumivu yaliporudi sikuweza hata kukaa. Ilikuwa ni wakati ule tu."

Nkatha alihisi kitu kikichomeka kifuani, kikali kuliko siku ya mazishi. Alikijua jina: chuki. Bi Vasantha alikuwa amemfundisha jina lake kwa Kisanskriti, na mzizi wake, na jinsi ya kukitazama bila kukishika. Akakishika kwa mikono yote miwili.

"Kama ungefika mwisho wa njia hiyo," alimwambia, "pengine ningekuelewa."

Kiplagat akauliza habari za Audrey. Nkatha alimwambia namba ya binti haijabadilika, akapanga mifuko kwenye buti, akaenda zamu.