Shafti Nilizozitoa, na Sufuria ya Mama

Asiwadanganye mtu, msitoe shafti za kusawazisha injini!

Ni zile mbili zinazozunguka ndani ili injini isitetemeke. Gari langu nimeliongeza nguvu, na fundi wangu wa Ukunda akaniambia, "Kaka, tukizitoa litachomoka zaidi."

Leo asubuhi tukazitoa. Loo! Usukani unatetemeka kama una homa.

Na leo ndiyo nilimuahidi Mama kumpeleka Msambweni, kwa dada yangu aliyejifungua. Mama kapakata sufuria ya wali wa nazi, kifuniko kinagongagonga njia nzima. Aibu yangu!

"Niwie radhi, Mama. Kesho fundi atazirudisha."

Nikamtupia jicho. Kaweka kiganja juu ya kifuniko, vile vile alivyokuwa akifanya kwenye pikapu ya marehemu Baba, tulipokuwa tukienda Kikoneni kuchukua korosho. Pikapu ile ilitutikisa hadi meno.

Tulipofika nikazima injini. Mtetemo ukakoma.

Mama hakushuka. Mkono bado uko pale pale juu ya kifuniko.

"Hebu liwashe tena kidogo, mwanangu."

Haya, mafundi wa humu, niambieni: nazirudisha kwa moyo gani?