Waliokuwa Wakikaa Pale

Harufu ya mafuta ya taa bado hunirudisha darasani kwetu Ladywood, huku kwa Waingereza, makoti yetu yenye maji ya mvua yakifuka mvuke kando ya hita. Mwalimu alitundika ramani ya Marekani. Alitusimulia jinsi Waingereza walivyoshuka kwenye merikebu, wakapima ardhi ya kando ya mto kwa minyororo, wakachora mipaka, wakaiita kaunti na kuipa jina la kwao.

"Na waliokuwa wakikaa pale, mwalimu?" niliuliza.

"Walihama," alisema, akageukia ubao.

Jioni nilimweleza mama, naye akiwa anapiga pasi. Mkono wake ulisimama.

"Watu hawahami hivi hivi, mwanangu. Hata sisi, kule Unguja walisema tumehama."

Hakuwahi kunitajia jambo hilo kabla. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini alikuwa akitazama dirishani. Nje, wanaume wawili wenye makoti meusi walikuwa wakipima ukuta wetu kwa futikamba, na mmoja akautia alama ya chaki, kama ile ya nyumba zilizobomolewa mtaani.

"Mama, wanapima nini?"

Alizima pasi, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kupanga nguo, zangu kwanza.