Shemeji na Fremu Iliyopinda

Fundi Cheche alikuwa mwanamke mfupi, mfupi kiasi kwamba akivaa kinyago cha kuchomelea, mgeni angedhani ndoo imeota miguu. Lakini mikono yake ilikuwa ikiunganisha chuma na chuma mpaka vinasahau kama viliwahi kuwa viwili. Kwa miaka ishirini na mmoja alitengeneza mageti na madirisha uani kwake, na hakuna kiungo chake hata kimoja kilichowahi kuachia. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na ndilo lililomlisha.

Sasa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye watu walimwita Maringo kwa sababu ya suruali zake nyeupe, akaja kuazima pikipiki ya magurudumu manne. Ile ambayo Cheche aliiunda mwenyewe kutokana na mkweche, ya kupandishia mageti milimani kusikofika gari.

"Nakwenda na kurudi tu, shemeji. Hata vumbi haitaliona."

Iliporudi ilivutwa na trekta, imefunikwa turubai kama maiti. Maringo hakuomba radhi. Alisema chuma kimeachia chenyewe, njia nyoofu, tambarare kama meza, na ni bahati yake tu hakufa.

Angeyasema hayo uani akanyamaza, pengine Cheche angemsamehe, maana shemeji ni shemeji. Lakini alikwenda kuyasema dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, akayasema shuleni kilimani, akayasema kwa mama yake mzazi, ambaye kwa Cheche ni mama mkwe. "Kiungo cha mwanamke," alisema, "kinashika kama mate." Kabla ya wiki kuisha mwalimu mkuu akatuma ujumbe: madirisha kumi na sita ya shule, na geti lake, vingoje kwanza. Na muuza vifaa, aliyezoea kumwita Cheche "dada yangu", akaanza kumwita "wewe mama".

Cheche hakulia. Aliondoa turubai, akakalia ndoo, akaikodolea macho fremu ile tangu chai ya asubuhi mpaka kivuli kikahama. Viungo vyote vilikuwa vizima. Kilichopinda ni bomba lenyewe, upande wa kulia, pale linaposhika mkono wa gurudumu la mbele. Lilikuwa limebonyea kwa duara, usawa wa goti, kama lililopigwa busu na kitu kinene kisichotaka kuhama. Akacheka puani.

"Mume wangu, mdogo wako amegonga kitu cha mviringo."

"Si umwambie?" mumewe akajibu, akiendelea kupiga pasi.

"Nimwambie mimi? Atasema yeye. Kwa kinywa kilekile."

"Achana naye bwana, ni ndugu."

"Nitaachana naye akishamaliza kusema."

Fremu nyingine ingepatikana, ila Cheche hakuitaka. Alitaka hiyohiyo iliyosingiziwa. Akavua injini, magurudumu na nyaya mpaka ikabaki mifupa. Akavuta uzi wa mwashi kutoka pembe hadi pembe, mshazari kwa mshazari, akapima: mmoja umezidi mwenzake kwa vidole viwili na nusu. Kisha, kwa hasira, akafanya kosa ambalo hata mwanagenzi hafanyi. Alifunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza lake. Akasukuma jeki, akasukuma. Fremu ikakataa, baraza likakubali. Nguzo iling'oka, paa likainama kumwamkia, na kuku waliokuwa juu yake wakateleza mmoja mmoja hadi kwa jirani, ambako wanatagia mpaka leo. Jiko nalo lilikaa upande, hivi kwamba ukitia maji katika sufuria hii, yanachemkia katika ile ya pili.

"Na nyumba imekukosea nini?" mumewe akauliza, pasi mkononi.

Kesho yake akasimika boriti mbili za chuma ardhini, akazimwagia zege, akangoja siku nne likomae, huku akiinoa hasira yake kama kisu. Kisha akaifunga fremu kwa minyororo upande ulio mzima, akalipasha bomba kwa moto wa gesi hadi likawa jekundu kama jicho la mlevi, akaanza kuvuta taratibu. Alipitiliza kidogo makusudi, kwa kuwa chuma ni kikaidi, ukikiachia hurudi nyuma. Kila mpigo wa jeki alitaja jina la shemeji yake. Alipolitaja mara ya kumi na tisa, mishazari ikalingana.

Fundi mwingine angefungasha vyombo. Cheche akaongeza vibati vinene vya pembetatu kwenye kila kona, na bomba la kinga mbele. Halafu, nyuma, akachomelea kiti cha abiria. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto na vyuma vya kushika huku na huku, na upau wa kufunga kiunoni kama kiti cha kulishia mtoto. Komeo la upau huo alilipeleka mbele, mkononi mwa dereva.

Jumamosi akairudishia injini na magurudumu, akaiendesha mpaka dukani. Maringo alikuwepo, ameketi juu ya mifuko ya saruji, ametandika gazeti asichafuke.

"Shemeji," Cheche akasema, mpole kama paka aliyeshiba, "wewe ndiye unayeujua ubovu wangu. Hebu panda, ukanionyeshe panapoachia, nijirekebishe."

Watu wakageuka. Maringo akatafuta pa kutokea, asipaone. Aliyejitangaza mjuzi hawezi kukataa kuulizwa.

"Mzunguko mmoja tu," akasema. Akafuta kiti kwa leso, akapanda. Komeo likalia ko.

Mzunguko gani huo. Cheche alikuwa anatafuta kitu cha mviringo, kinene, usawa wa goti, na hakujua kiko wapi; basi aliamua kumpitisha shemeji yake kwenye kila cha mviringo kilichoumbwa. Alivilenga vyote kwa upande wa kulia, akivikwepa kwa upana wa kucha. Kisiki cha nyuma ya mashine ya kusaga: Maringo kimya. Pipa la lami: akakohoa. Bomba la zege lililotelekezwa njiani: akamwita mama yake, lakini kwa sauti ndogo. Wakateremka njia ya kisimani, ambako watu walipanga foleni na ndoo, na pembeni limesimama jiwe la mpaka, jeupe, nene kama mtungi. Cheche akakaza mwendo.

"Sio hilo, shemeji," Maringo akapiga ukelele. "Sio hilo tena, hilo ndilo nililoligonga."

Cheche akafunga breki. Vumbi likatulia. Kisimani aliyekuwa akipampu maji akaacha.

"Ulikuwa unafanya nini hata ukaligonga?"

Maringo akainamisha kichwa. Cheche akarudi nyuma hatua chache, kama anayejipanga upya kulilenga jiwe.

"Nilikuwa napunga mkono," Maringo akasema upesi. "Kulikuwa na dada anachota maji. Niliachia usukani mikono yote miwili."

"Na huyo dada hata hakukuangalia," mwanamke mmoja akasema kutoka kwenye foleni. "Ni mimi."

Watu wakacheka mpaka maji yakamwagika.

"Basi nimekiri, shemeji. Nifungulie."

"Umekiri kisimani. Kisimani hukunisema." Cheche akageuza pikipiki. "Ulinisema dukani, shuleni, na kwa mama. Bado vituo vitatu. Shika vyuma."

Dukani Maringo akarudia yote, hadi kupunga mkono. Muuza vifaa akajikuna kisogo. "Karibu ndani, dada yangu."

"Mimi mama," Cheche akamwambia, akaondoka.

Shuleni mwalimu mkuu alitoa kichwa dirishani, akasikiliza, akamwomba Maringo apaze sauti, walimu wa ofisi ya nyuma hawajasikia vizuri. Akasema kazi ya madirisha ianze Jumatatu.

"Jumatatu sina nafasi," Cheche akasema. "Tuseme Alhamisi. Na wewe uje mwenyewe kunichukua."

Mama mkwe walimkuta kizingitini akichambua maharage. Alimsikiliza mwanawe mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akamgeukia Cheche.

"Mwanangu, masikio yangu ya jioni hayana nguvu. Niletee tena kesho asubuhi."

"Mama," Maringo akasema.

"Saa mbili," mama akasema. "Niwahi kuwaita majirani."

Saa mbili kasorobo Cheche alikuwa mlangoni kwa Maringo, injini inanguruma, upau wa kiti umeinuliwa tayari.