Fomu Iliyotoboka kwa Wembe

Ijumaa, tarehe 12 Agosti 1966. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusi. Ndivyo daftari langu la zamani linavyosema, na chini yake niliandika maneno matatu tu: fomu ni leo.

Nilikuwa darasa la nane, Bagamoyo mjini. Kila mtoto alipewa fomu moja achague kazi atakayosomea, na mimi nilibaki kati ya ualimu na uuguzi. Mwalimu mkuu angezipeleka ofisi ya elimu kwa baiskeli kabla ya swala ya Ijumaa. Isiyokuwemo, basi tena. Alitwambia siku tatu mfululizo; siwezi kusema hakututahadharisha.

Jumatatu niliandika ualimu. Jumanne nikawaza, sauti yangu ndogo, nani atanisikiliza? Nikakwangua wino kwa wembe, nikaandika uuguzi. Jumatano nikawaza damu.

Mama akanishauri niswali istikhara, rakaa mbili za kumwomba Mungu akuelekeze penye heri. Ushauri mzuri. Kosa lilikuwa langu, maana kwanza mtu hukusudia jambo ndipo akaliombea, nami sikuwa nimekusudia kitu. Nikaswali ya ualimu, nikajikwaa kizingitini. Nikasema nimekatazwa. Nikaswali ya uuguzi, kichwa kikaniuma. Nimekatazwa tena! Nikarudia ya ualimu.

Shangazi alikuwa ukumbini akisuka ukili wa mkeka.

"We mtoto, utambishia Mungu hodi mara ngapi? Mie nilipoposwa niliswali mara moja tu, nikapewa mume."

Mama akadakia, "Na mume mwenyewe ndiye yule, wifi?"

Wakacheka mpaka ukili ukamponyoka shangazi.

Ijumaa asubuhi nikakwangua mara ya mwisho. Karatasi ilikuwa imelegea kwa unyevu, ikatoboka palepale pa kuandika kazi. Nikakimbia nayo shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa anafunga bahasha nyuma ya baiskeli kwa mpira.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lete." Akaiinua, akanichungulia kupitia tundu lile. "Hapa palikuwa na nini?"

Nikamweleza habari ya wembe.

"Haya, nitakuandikia pembeni, nitie sahihi yangu. Nitajie moja."

Kalamu ilikuwa wazi mkononi mwake. Kazi zote mbili zikanijia ulimini, hakuna iliyotoka.

"Mwalimu, niandikie unayoona wewe inanifaa."

"Mimi? Halafu kesho useme mwalimu ndiye aliyekutia huko? Hapana, binti. Taja."

Alingoja. Akatazama saa, akangoja tena. Nataka ijulikane kwamba alingoja.

"Nikamuulize mama kwanza," nikasema.

Akafunika kalamu, akanirudishia karatasi yangu, akapanda baiskeli.

Sikuwa mwalimu wala muuguzi. Nimeshona nguo za watu miaka yote hii, na si kazi mbaya. Pengine kama ningetaja yoyote siku ile, ningeiweza. Pengine ningeshindwa nikarudi. Sijui.

Nyumbani mama aliniuliza, "Umeipeleka?" Nikajibu, "Nimeipeleka." Kwenda niliipeleka kweli, lakini nilikuwa nimerudi nayo, nimeikunja ndani ya khanga.

Jioni tulikula muhogo wa nazi na papa mkavu. Mama akanitilia mnofu mkubwa kuliko wa shangazi, akasema mtu wa safari ya chuo lazima ashibe. Nikaula wote.