Kiondo cha Mgeni wa Kalunde

Sogeeni niwaambie habari za Kalunde wa Matiliku, maana wanaomsema ni wengi na wanaomjua ni wachache. Ni mjane, anasuka viondo, na kwa zaidi ya miaka thelathini anapalilia kaburi la mtu asiyemjua.

Mwaka wa 1994, asubuhi moja, alishuka mtoni kuchota maji kwenye kisima cha mchanga. Akakuta mwanamke amelala hapo, amenyongwa kwa leso yake mwenyewe. Kando yake kulikuwa na kiondo kisichomalizwa, nyuzi zikining'inia. Polisi walikuja, wakauliza huku na huku wiki mbili. Hakuna aliyemjua, na aliyemuua hajajulikana hadi leo.

Ulipofika wakati wa kumzika, hakuna aliyetaka kutoa mahali. Huku kwetu kaburi ni ushahidi. Ukimzika mtu shambani, kesho watoto wake watakuja kusema hapa ni kwao. Kalunde na mumewe Ndeti wakatoa kona ya shamba lao. Munyao, ndugu ya Ndeti, hakuwasamehe.

Kiondo polisi walikiacha. Kalunde akakiosha, na kwa vile hakuweza kuvumilia kuona kazi ya mtu ikining'inia vile, akakimalizia mdomo kwa mkono wake. Kila mwaka alikipeleka sokoni, mpaka Kwa Vonza na Kyuso, akiuliza wasukaji kama wanaujua mkono huo. Wote walitazama mdomo, wakamwambia, "Hiki si ni cha kwenu Matiliku?"

Mwezi uliopita ikatangazwa kwamba wapimaji wa ardhi wanakuja. Munyao akaita watu hapo kaburini, chifu Kiilu akiwepo.

"Kalunde," Munyao akaanza, "hili tuta lisawazishwe kabla ya Jumatatu. Shamba lilikuwa la baba yetu. Sitaki mtu wa kutoka huko aje na kesi."

"Ni mtu, shemeji. Si tuta."

"Mtu anaitwa nani?"

Kalunde akainama, akang'oa jani lililoota juu ya kaburi.

"Basi nikuulize lingine. Hicho kiondo unachozunguka nacho, mdomo huo nani hapa haujui? Ni mkono wako. Mtu usiyemjua alikuwaje na kiondo chako?"

"Ndiyo maana hachoki kupalilia," mama mmoja akasema nyuma. "Roho inamsuta."

"Na kanisani anakaa mbele," akaongeza mwingine, watu wakacheka.

Chifu akamgeukia Kalunde. "Mama, hapo lazima useme. La sivyo kaburi litaenda, na wewe utaandikisha maneno kituoni."

Kalunde akaketi chini kando ya kaburi na kile kiondo. Akatafuta ncha ya uzi kwenye mdomo wa kiondo, akaanza kufumua. Alifumua mstari baada ya mstari, na watu wakachoka kumtukana wakabaki kumtazama. Alipofika pale mgeni alipoishia, nyuzi zikaanguka zikaning'inia kama siku ile ya mtoni.

"Hapa ndipo nilipoanzia," akasema. "Chini si mimi."

"Uzi ni uzi tu," Munyao akasema. "Atakayejua ni nani?"

Hapo ndipo Nzilani aliposogea. Huyu ni mke wa Munyao, na yeye na Kalunde hawajasalimiana tangu mazishi ya Ndeti. Lakini ni msukaji. Akachukua uzi aliofumua Kalunde, akauviringisha kwa vidole, kisha akachukua kiondo, akashika ule wa chini.

"Mimi huyu simpendi," akamwambia chifu, "na asidhani leo nimempenda. Lakini uzi wake umesokotwa huku, na huu umesokotwa kule. Aliyesokota huu pajani alitumia mkono wa kushoto. Kalunde hajawahi."

"Nzilani, nyamaza," Munyao akasema.

"Nishanyamaza vya kutosha. Nimeulizwa habari za ng'ombe? Si ni za viondo?"

Chifu akasema kaburi libaki na liandikwe kwenye ramani kama kaburi la mtu asiyejulikana. Munyao akaondoka akiapa kwamba hatamsalimia Kalunde tena, kana kwamba aliwahi.

Watu walipotawanyika, Nzilani akamrushia Kalunde kiondo mapajani.

"Miaka yote hiyo," akasema, "ulikuwa unawaonyesha watu mkono wako mwenyewe. Mjinga wewe."

Ilikuwa kweli. Siku ya soko iliyofuata Kalunde alienda Kwa Vonza na kiondo kile, mdomo wazi, nyuzi zikining'inia. Akatafuta mahali wasukaji wanapokaa, akauliza kama kuna anayemkumbuka mwanamke aliyesokota kwa kushoto.