Uji wa Qu Yulian

Pang Decai simsamehi hata akizikwa. Mwaka ule bendera ya chama chetu cha mahujaji ilimponyoka ikaanguka matopeni. Badala ya kusema ameteleza, akasema Mama Mkuu, mungu wa mlima, kakasirika, kuna mtu katia mafuta ya nguruwe kwenye uji, na mahujaji tuko kwenye mfungo wa nyama. Pale pale kwenye banda la chai, watu wanatazama, akaikamata sufuria ya wifi yangu Qu Yulian akaimwaga bondeni.

Wifi yangu huyo, ikikaribia safari ya huu mlima wa Miaofeng, hata kitunguu hakigusi. Wakamfukuza bandani.

Nikamwambia, "Nenda katukane."

"Nikitukana, wifi, nani atakoroga?"

Mwaka uliofuata akabeba sufuria yake mgongoni, akawasha moto njiani, chini kidogo ya banda, kwenye ile kona kali inayokata wazee pumzi. Kila hujaji akapewa uji, bure, kama ada. Mvua ikija, koti lake anafunika kuni, yeye analowa. Chama chetu tukipita, wenzangu wanaangalia miti. Mimi peke yangu nilikuwa nasimama nakunywa. Miaka ikaenda hivyo, hajalalamika. Mimi nimelalamika kwa niaba yake.

Masika haya Pang kapanda na magoti yake mabovu, bendera mkononi. Kufika kwenye ile kona akakaa juu ya jiwe, jasho linamtoka, midomo myeupe. Njia nyembamba, chama kizima tumekwama nyuma yake.

Yulian akajaza bakuli, akampa kwa mikono miwili. "Pole na safari, Mzee Pang. Kunywa."

Uji wa mlimani haukataliwi, ni wa Mama Mkuu mwenyewe. Lakini aliyemeza nguruwe hafiki madhabahuni, anageuza kurudi kwao. Pang akaliangalia bakuli, akatuangalia sisi.

"Vipi, mzee," nikamuuliza, "unasikia harufu?"

"Wifi, nyamaza," Yulian akasema. "Mtu anaumwa."

Pang akanywa. Akaomba tena, akapewa. Halafu akasimama kwa kuegemea mti wa bendera, akatugeukia.

"Uji huu safi," akasema. "Na wa siku ile ulikuwa safi. Mimi ndiye niliyeteleza."

Akaanza kupanda kwenda madhabahuni. Hakuna aliyemfuata, wote walikuwa wanatafuta bakuli.

"Pangeni mstari," Yulian akasema. "Mnanizimia moto."