Gari Jekundu na Chetezo cha Bi Ibtisam

Bwana Abdulwakil Khatibu wa Hounslow, London, mzaliwa wa Wete, alikuwa karani wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow kwa miaka ishirini na sita. Katika muda wote huo hakuchelewa kazini, hakupaza sauti, wala hakununua kitu asichokihitaji, isipokuwa mara moja. Mara hiyo ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 1991. Alitoka kwenda kutafuta gari la kuchukua familia, akarudi na MG nyekundu iliyotengenezwa mwaka 1966, yenye paa la turubai na viti viwili. Nyumbani walikuwa watu sita.

Bi Ibtisam, mkewe, alimweleza papo hapo mlangoni kwamba watu sita hawaingii katika viti viwili. Mumewe alilikubali jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa kweli. Basi familia ikawa inasafiri kwa zamu. Siku ya Idi walipoalikwa chakula Southall, Bwana Abdulwakil alikwenda na kurudi mara tano, na abiria wa tano alipofika, wa kwanza alikuwa ameshashiba na anaomba kurudishwa.

Hata hivyo, Bi Ibtisam alikuwa mtu wa desturi. Kwao, kitu chenye heshima hakitoki nyumbani bila kufukizwa: si nguo ya Ijumaa, si bibi harusi, si godoro la mgeni. Kwa hiyo kila Idi alitia makaa katika chetezo chake cha udongo, akaweka udi juu yake, akakiingiza ndani ya gari na kulifunga turubai kwa robo saa.

"Silipendi," alisema kila mara, huku akipepea moshi uingie vizuri chini ya viti. "Lakini likipita njiani watu watajua limetoka kwangu."

Adui mkubwa wa gari hilo, na rafiki mkubwa wa mwenye nalo, alikuwa Protas, muuguzi kutoka Bukoba aliyeishi Woolwich. Protas naye alikuwa na MG ya umri uleule, ya kijani, na karibu kila Jumapili alivuka London nzima ili abishane kuhusu urithi.

"Gari lako, mzee, ni jumba la makumbusho ya kutu," Protas alianza, kabla hata hajavua koti.

"Na lako je? Injini mpya, milango mipya, viti vipya. Kilichobaki cha mwaka 1966 ni hewa ya tairi."

"Hewa nimebadilisha jana."

"Basi hilo si gari la urithi. Hilo ni mjukuu aliyevaa kofia ya babu yake."

"Nikuulize. Msikiti wa kwenu umeezekwa upya mara ngapi?"

Bwana Abdulwakil alihesabu kwa uaminifu. "Mara tatu, ninazozijua mimi."

"Na bado ni uleule?"

"Ni uleule. Urithi wa msikiti si mabati. Ni wale waliosali humo."

"Haya! Basi urithi wa gari lako si skrubu wala kutu. Ni makalio yako, mzee, yaliyokaa humo miaka yote hiyo."

"Protas!" sauti ya Bi Ibtisam ilitoka jikoni. "Nakusikia."

"Samahani, shemeji. Nilikuwa nazungumzia historia."

Mambo yangeendelea hivyo, lakini mwaka 2003 Bi Ibtisam, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akipikia harusi, alipata wateja wengi kuliko nafasi. Alihitaji friza kubwa, la kulaza mbuzi wawili bila kuwakunja. Mahali pa kuliweka palikuwa pamoja tu, napo ni katika banda la gari.

Alimwita mumewe, akamkalisha, akampa masharti. Klabu ya Urithi wa Magari ya Bonde la Crane ilikuwa ikifanya ukaguzi kila Julai na kutoa cheti kwa gari linalostahili. "Likipata cheti, Baba Haifa, nitanyamaza na litakaa bandani mpaka uchoke. Lisipopata, linauzwa, na friza linaingia. Umekubali?"

Bwana Abdulwakil alikubali. Kisha kwa wiki tatu alisugua gari hilo kwa mswaki wa meno, kuanzia taa za mbele hadi bomba la moshi.

Asubuhi ya ukaguzi alipakia sanduku la vifaa na tairi la akiba upande wa abiria, kwa hiyo Bi Ibtisam ikabidi apande gari la Protas. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshawasha makaa.

"Hata leo?" Bwana Abdulwakil aliuliza kwa mshangao. "Si unataka lishindwe?"

"Nataka lishindwe. Sitaki liende uchi."

Chetezo kikawekwa sakafuni, nyuma ya sanduku la vifaa. Robo saa ikapita. Mume alidhani mke amekitoa. Mke alidhani mume amekitoa. Magari yakaondoka, jekundu mbele, la kijani nyuma.

Walipofika karibu na Twickenham, Protas aliona moshi ukitoka pande zote za turubai, na kichwa cha Bwana Abdulwakil kikiwa nje ya dirisha kama cha mbuzi aliyefungiwa.

"Shemeji! Gari la mzee linaungua!"

Bi Ibtisam alinusa hewa. "Haliungui. Ni chetezo. Kimesahaulika."

"Basi tumsimamishe!"

"Mwache," alisema. "Litakolea."

Waliingia katika uwanja wa maonyesho namna hiyo. Bwana Abdulwakil alipofungua mlango, wingu lilitoka mbele yake, naye akatoka nyuma ya wingu, akikohoa kwa adabu. Bwana Pritchard, mwanachama wa siku nyingi ambaye gari lake jeupe halikuwahi kunyeshewa mvua, alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Bwana Abdulwakil alitandaza mikono mbele ya viti vyake vya ngozi.

"Usipulize! Hakuna moto. Ni manukato."

Jaji alikuwa Bibi Hargreave, mwanamke mzee mwenye miwani ya kamba na karatasi ya alama. Hakushtuka. Alikagua bodi, injini na magurudumu, akaandika, akajumlisha, akajumlisha tena. Alama zilikuwa sitini na nane. Cheti kilihitaji sabini. Zilibaki alama tano za hali ya ndani, na kwa hizo aliingiza kichwa garini, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Gari hili halikutoka kiwandani na harufu hii," alisema alipotoa kichwa.

"Hapana, mama," Bwana Abdulwakil alijibu. "Imetoka kwetu."

Bibi Hargreave alifungua kanuni. Jambo lililoongezwa na mwenye gari, alisoma, lilihesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa gari hilo iwapo limedumu miaka kumi au zaidi na yupo shahidi wa kulithibitisha. "Je, yupo?"

Shahidi alikuwapo, tena mmoja tu aliyekuwa akilifukiza kwa mkono wake. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, na ushahidi wake ungemnyima banda. Bwana Abdulwakil, ambaye hakupenda kumshinda mtu kwa kumwonea, aliinamisha macho, akatazama viatu vyake.

"Mzee, mtaje," Protas alinong'ona.

"Sisemi. Tulipatana."

Bi Ibtisam naye alitazama mawinguni, midomo ameibana. Ukimya huo ungetosha kuliuza gari, lau Bwana Pritchard angejua kunyamaza.

"Miaka kumi!" alisema, akicheka. "Hiyo ni dawa ya kupuliza ya dukani. Wamepuliza leo asubuhi ili kuficha harufu ya ukungu."

Bi Ibtisam alishuka kutoka mawinguni.

"Ya dukani?" aliuliza, kwa Kiingereza ambacho kwa kawaida alikihifadhi kwa ajili ya daktari na watu wa kaunsili. "Ukungu? Ndani ya gari langu?"

"Shemeji," Protas alimkumbusha kwa Kiswahili, maana alikuwa mtu wa haki, "friza."

"Friza lingoje!" Akamgeukia jaji. "Andika, mama. Udi huu naupika mwenyewe, kwa sukari, marashi ya mawaridi, sandali na chembe ya ambari. Nimelifukiza gari hili kila Idi, Idi ndogo na Idi kubwa, tangu mwaka tisini na moja. Mwaka nilioumwa kiuno nilifukiza nimekaa kitini. Muulize yeyote kama nyumbani kwangu pameingia kopo la dukani!"

Bibi Hargreave aliuliza kipimo cha sukari, akaambiwa. Aliandika kila kitu, akaongeza alama tano, akasoma jumla: sabini na tatu. Bwana Pritchard aliondoka na mtungi wake.

Bwana Abdulwakil alipokea cheti kwa mikono miwili. Hakuthubutu kufurahi.

"Mama Haifa," alisema taratibu, "unajua ulichokifanya?"

"Najua." Bi Ibtisam alikuwa bado anahema. "Nimejinyima banda kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini yule bwana angelala usingizi akidhani mimi napuliza kopo? Haiwezekani."

Friza lilinunuliwa Agosti. Bwana Abdulwakil, kwa kuwa ndiye aliyepata ushindi, aliona ni wajibu wake kulitafutia mahali, akapima nyumba nzima kwa futi kamba, chumba baada ya chumba. Lilitosha sehemu moja tu: chumbani kwao, upande wake wa kitanda. Tangu hapo alilala ubavu mmoja, uso kwenye friza, nalo likinguruma mpaka alfajiri. Protas alipomuuliza kama halimsumbui, alifikiri kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha akajibu kwamba halina neno, ila kabureta yake ingefaa kurekebishwa kidogo.